Kikohozi cha Mbwa na Mikono ya Mjomba Yusufu

Tangu nistaafu sijui kukaa. Karatasi hii nimeianza mara kadhaa, na kila mara mbwa wa jirani akikohoa naweka kalamu chini na kwenda kumwangalia. Jirani amenizoea. Ananifungulia mlango wa ua bila kuniuliza ninataka nini, kisha anarudi kwenye shughuli zake. Namtazama mbwa pua, macho na ufizi, namsikiliza kifua, halafu narudi ndani na kukuta chai imepoa. Wanangu wananiambia nipumzike. Nimejaribu, na nimeona kupumzika ni kazi ngumu kuliko kushika mguu wa ng'ombe asiyetaka.

Ninyi vijana wa idara ya mifugo mmeniomba niwaandikie niliyoyaona katika miaka yangu ya kazi hapa Rumonge, kando ya ziwa. Habari za vyeo mtazipata ofisini, mimi sina hamu nazo. Nitawaandikia habari ya mbwa. Najua wengine mtacheka, maana idara yetu inajali ng'ombe na mbuzi, na mbwa tunamkumbuka siku za chanjo ya kichaa tu. Lakini jambo linaloninyima raha mpaka leo ni la mbwa, tena la kikohozi, ugonjwa ambao wengi wenu hamwezi hata kushuka kwenye pikipiki kwa ajili yake.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa koti jeupe nililolipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Aliyenipokea alikuwa Mzee Gaspari, muuguzi wa mifugo wa hapa kabla yangu, mtu mrefu asiyecheka ovyo. Alinitazama juu mpaka chini, akaingia stoo, akatoka na kipande cha sabuni.

"Hii njo chombo yako ya kwanza," alisema. "Sindano utapata hii sabuni ikimalizika."

Nilikuwa na haraka ya kushika sindano, kwa hiyo sabuni ile niliimaliza kwa hila. Niliosha ndoo, nikaosha madirisha, nikaosha hata baiskeli yake. Alitazama kile kilichobaki, akanipa kipande kingine.

Yote niliyofanya baadaye yalianzia kwake. Alifunga uzi kwenye kipimajoto, na mwisho wa uzi akaweka kibanio cha nguo, ili ukishakiingiza nyuma ya mnyama ubane manyoya ya mkia. Mnyama akiruka, kipimajoto kinaning'inia badala ya kuvunjika mchangani. Alinifundisha kuhesabu pumzi kwa kutazama ubavu kutoka mbali, kabla mnyama hajajua kwamba umefika, kwa sababu ukimkaribia anaogopa na hesabu yako inakuwa ya woga wake. Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata alipoitwa na wakubwa: wazima kwanza, wagonjwa mwisho. Tukiwa na safari ya kwenda Kizuka, tulianza na zizi lenye afya, tukamalizia kwenye ugonjwa, kisha tukaosha mabuti na kurudi nyumbani moja kwa moja. Mtu akimwita njiani aje kuangalia ndama, alipunga mkono na kusema kesho.

Nyumbani kwetu kazi hii ilileta vita. Sisi ni Waislamu wa mtaa wa Waswahili, na mama yangu alikuwa mtu wa swala tano. Ng'ombe na mbuzi hakuwa na neno nao. Siku aliposikia kwamba nimemfungua mbwa kinywa kwa mikono yangu, aliacha kunisemesha. Ndipo akaja kaka yake mkubwa, Mjomba Yusufu, aliyetulea baada ya baba kufariki. Mama alimlalamikia mbele yangu.

"Mutoto wa kike, mukono mu kinywa ya mbwa! Ataswali na mukono gani?"

"Na huo huo," Mjomba akajibu. "Ataosha."

Akanichukua mpaka ufukweni akanionyesha. Mate ya mbwa unayaosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Yeye alitumia mchanga laini wa kwenye maji, akausugua katikati ya vidole na chini ya kucha mpaka ngozi ikawa nyekundu. Hata leo sijaona daktari anayeosha mikono vizuri kama Mjomba alivyokuwa akiosha. Siku ya pili Mama akanipikia.

Mjomba aliyajua mate ya mbwa kwa sababu yalikuwa sehemu ya kazi yake. Kazi yake kubwa ilikuwa kushona nyavu, lakini Rumonge nzima ilimjua kuwa fundi wa miiba. Huku kwetu mtu anakula samaki wa mukeke, mbwa anakula kichwa cha mukeke, na wote wawili wanakwamwa na mwiba. Mjomba alikuwa na vidole virefu vyembamba. Aliweka kipande cha mti kati ya meno, akafunga kichwa cha mbwa kwa gunia kuukuu, akaingiza vidole viwili na kutoka na mwiba kabla mwenye mbwa hajamaliza kueleza. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo alinitoa mmoja kooni. Watu walikuja kwake kutoka Bugarama na hata Kabezi.

Mbwa wa ufukweni lazima niwaeleze kidogo, kwa wale kati yenu mliokulia milimani. Wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwenye vichanja hawawezi kukaa juani siku nzima kufukuza kunguru, paka na binadamu wenzao. Mbwa ndiye mlinzi. Mbwa akiugua, mzigo unaliwa, na mama mwenye mzigo hana cha kupeleka sokoni. Kwa hiyo wanawapenda, ingawa hawatakubali ukiwauliza. Majina wanayowapa ni ujumbe kwa majirani. Nimewahi kuchanja Mtachoka, Hayawahusu na Sina Habari Nao, wote wa ua mmoja, na nikaelewa mambo ya ua ule bila kusimuliwa.

Spesi alikuwa mmoja wa wanawake hao. Alikuwa amerudi kutoka ukimbizini Tanzania na jamaa zake, akaanza upya na vichanja viwili na mbwa jike wa rangi ya kahawia aliyeitwa Waache Waseme. Alikuwa mwepesi wa maneno na mgumu wa kusahau. Mwaka ninaousimulia, Waache Waseme alikuwa amezaa, na Spesi alikuwa ameshawaahidi watoto wale kwa wanawake wenzake wa vichanjani waliokosa walinzi.

Kiangazi kilikuwa kirefu, vumbi jingi, na moshi wa kukaushia samaki ulikuwa umetanda pwani yote. Mzee Gaspari alikuwa amekwishafariki. Mfanyabiashara mmoja alileta mbwa kutoka Bujumbura, mbwa mzuri mwenye mkanda shingoni, akamfunga karibu na vichanja ili watu wamwone. Yule mbwa alikuwa akikohoa. Kikohozi chake kilikuwa kikavu, cha nguvu, kikiishia kama anataka kutapika, kisha anatema povu jeupe kidogo na kutazama watu kana kwamba si yeye. Baada ya siku chache mbwa wa vichanjani wakaanza, mmoja baada ya mwingine.

Ukiwa Gitega, mbali na ziwa, na mbwa akafanya hivyo, watu watasema ana mafua. Huku ziwani kila mtu alisema neno moja: mwiba. Na kwa kweli ukimtazama utaapa ana kitu kooni. Basi waliwapeleka wote kwa Mjomba.

Nilikwenda kumsalimu asubuhi moja, nikakuta watu wamejaa uani, kila mmoja na mbwa wake, mbwa wakinusana na kukoholeana usoni. Nilisimama pembeni nikatazama. Mjomba alimfunga mbwa wa kwanza kichwa kwa gunia, akamweka mti mdomoni, akaingiza vidole, akachezea kidogo, akatoa mwiba na kuuinua watu wauone. Akaja wa pili. Gunia lilelile, mti uleule, kamba ileile iliyoning'inia kwenye msumari wa mlango, mikono ileile iliyolowa mate ya yule wa kwanza. Akatoa mwiba mwingine. Mwili ulianza kuniwasha wote. Nilikuwa nafikiria sabuni, na nilikuwa nafikiria kitu kingine pia, kwa sababu mwiba ule wa pili ulitoka katika koo lenye mate tele na ulikuwa mkavu.

Nilimsubiri mpaka watu wakaondoka. Alikuwa akiosha mikono kwa ajili ya adhuhuri, na mchanga wake, bila haraka.

"Mjomba, ule mwiba ulikuwa mukavu."

Hakuinua uso. "Uliona weye peke yako?"

"Miye peke yangu."

"Basi iko sawa."

Akaendelea kusugua. Kisha akaniambia kwamba mtu akitembea na mbwa wake kutoka mbali, ukamwambia hakuna mwiba, anakwenda zake akiamini kwamba umeshindwa kuupata. Ndiyo maana siku zote huwa na mmoja wa jikoni kati ya vidole. Miiba ya kweli anaitoa, na Mungu anajua, lakini ile isiyokuwepo nayo watu wanataka kuiona.

"Na tangu kiangazi kianze umetoa ya kweli mingapi?"

Alichota mchanga mwingine. Nikakaa chini mbele yake, kwa sababu Mjomba husemi naye ukiwa umesimama, nikamweleza. Kwamba kile ni kikohozi cha kuambukiza, kinapita kwa pumzi, kwa mate, kwa bakuli na kwa kamba. Kwamba mbwa mkubwa mwenye nguvu atakohoa na kupona, lakini kwa watoto wachanga kinashuka mapafuni. Kwamba uani kwake ndipo wazima wanapokutana na wagonjwa.

"Na mikono," nikasema. "Unaosha ukishamaliza wote, ili uswali. Katikati ya mbwa na mbwa hauoshi."

"Katikati nioshe kwa nini? Najisi ni ile ile."

"Kwa ajili ya mbwa anayefuata, Mjomba."

Hapo akanitazama. "Kwa hiyo miye njo ugonjwa."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Na unataka niwaambie batu ya Rumonge mwiba haikuwako. Nikisema hivyo leo, kesho hata ile ya kweli watasema ni ya jikoni. Miye nitabaki nani?"

Aliingia ndani kuswali na kuniacha na ndoo. Naomba mnielewe: mtu huyu alinilea. Ningeweza kuleta amri kutoka ofisini, ningeweza kusimama sokoni nikapiga kelele. Watu wangemchagua yeye, na kama wangenichagua mimi ingekuwa mbaya zaidi. Nilizunguka ufukwe mzima mchana ule, kichanja kwa kichanja, nikiwaambia wanawake wafunge mbwa nyumbani. Waliniitikia vizuri. Nilipogeuka niliwaona wakielekea kwa Mjomba, kamba mkononi.

Mambo yenyewe yalimfikia Mjomba upesi kuliko maneno yangu. Spesi alikuwa amempeleka Waache Waseme kutolewa mwiba, akamrudisha nyumbani kunyonyesha. Watoto wakaanza kukohoa. Jirani akamshauri awape mawese, ili miiba iteleze. Hili ningeliandika kwa herufi nzito kama ningeweza: usimmiminie mgonjwa wa kifua mafuta mdomoni, wala maziwa, wala dawa ya maji kwa nguvu. Mtoto wa mbwa anayekohoa hawezi kumeza vizuri, mafuta yanakwenda mapafuni, na mapafu hayana mlango wa kuyatolea.

Nilikuwa kwa Mjomba, nimerudi kumbembeleza, Spesi alipoingia amebeba beseni kichwani. Aliliweka chini mbele ya kigoda chake. Ndani walikuwamo watoto wa mbwa, manyoya yamelowa mawese, wamekwishakufa isipokuwa mmoja.

"Muzee, uliniambia mwiba imetoka," alisema. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. "Nikawaambia wenzangu yote iko sawa. Sasa mbona banakufa?"

Mjomba alimwinua yule aliye hai. Nilidhani ataingiza vidole, kwa mazoea. Badala yake alimweka sikioni, ubavu kwenye sikio, akafumba macho. Hata mimi niliyekuwa mbali kidogo nilisikia pumzi zile, zikichemka kama sufuria ya uji. Alikaa hivyo mpaka zikaisha.

"Hapa hamna mwiba," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Haikuwako."

Ulikuwa mwezi mpevu. Mnajua kwamba ndagala wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukijaa mitumbwi haitoki, kwa hiyo wanaume wote wako pwani wanatengeneza nyavu na kubishana. Mjomba aliniambia niwaite watu waje bila mbwa. Walikuja wengi, wakidhani anagawa kazi. Alisimama katikati ya nyavu zake.

"Batu ya Rumonge, musikie. Tangu kiangazi hiki kianze, sijatoa mwiba hata moja mu mbwa yenu. Ile niliwaonyesha ilitoka jikoni kwangu. Mbwa ziko na kikohozi, na mikono yangu njo ilikuwa nakipeleka. Kila mutu afunge mbwa yake kwake. Ingine atawaambia huyu mutoto wa dada yangu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, wakafuata wengine. Mjomba alipita katikati yao akaenda nyumbani. Mimi nilibaki pale nikisema mambo ya sabuni, huku nikitaka kumkimbilia. Sijawahi kusema maneno ya kazi yangu kwa uchungu kama siku ile.

Hata hivyo walinisikiliza. Mtu akijivua nguo mbele yako huwezi kubaki na shaka naye. Tuliwafunga mbwa wanaokohoa kila mmoja kwao, mbali na njia, upande ambao upepo hauwaletei moshi wa samaki wala haupeleki pumzi zao kwa wenzao. Kila mbwa na bakuli lake na kamba yake. Kamba tulizitoa shingoni, tukazipitisha kifuani, maana koo lenye kikohozi ukilivuta unaliamsha upya. Mabakuli yalioshwa kwa maji yenye javeli, ile ile dawa ya kufulia nguo nyeupe, yakaanikwa juani. Anayelisha alianza na wazima. Mbwa aliyeacha kukohoa alikaa amefungwa wiki mbili nyingine, na hapa ndipo wengi walipotaka kunidanganya, kwa sababu mbwa anaonekana mzima, anarukaruka, na ndagala wanaliwa na kunguru. Nilipita kila siku. Walikuwa wakiniona kwa mbali, wakaambiana Mama Veto, yaani daktari wa mifugo, anakuja, na kukimbilia kamba.

Kulikuwa na jambo la ofisini pia. Chanjo ya kichaa ilikuwa imepangwa, na mbwa wote wa mji walikuwa waje kwenye uwanja mmoja, kwenye mstari mmoja. Mkuu wangu hakutaka kusogeza siku. Nilimwambia tutawakinga na ugonjwa mmoja na kuwapa mwingine papo hapo uwanjani. Alinijibu kwamba mbwa wanaokohoa si habari ya wizara. Nikamwomba aje nami ufukweni kabla ya kuamua, akaja, akakohoa yeye mwenyewe kwa moshi, akasogeza siku. Kikohozi kilipopungua tulichanja mtaa kwa mtaa, tukipita nyumbani. Fanyeni hivyo hata pasipo ugonjwa. Mkusanyiko wa mbwa ni sherehe ya vijidudu.

Mvua za kwanza zilipokuja ufukwe ulikuwa kimya. Mkuu wangu alinipongeza mbele ya wenzangu, na sikukumbuka hata neno moja alilosema.

Mjomba walimwita Mwiba wa Jikoni. Watoto walimwimbia akipita. Aliendelea kushona nyavu, na kwa nyavu walimwendea kama zamani, lakini kwa koo hakuna aliyekuja, si wa mbwa wala wa mtu. Mtu akikwamwa na mwiba alimeza tonge la bugali na kuomba Mungu, au alipanda gari kwenda hospitali. Nilijaribu kumwambia kwamba ameokoa mbwa wengi kwa maneno yale machache. Alikubali kwa kichwa na kuomba nimpe mkasi.

Mwaka uliofuata, msimu wa kiangazi, nilikuwa Kizuka kwa chanjo, natembea kwenye mashamba ya michikichi. Niliporudi Rumonge nilipita kwa Spesi. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba, mikono mapajani. Nyuma ya nyumba, mahali penye kivuli na hewa, mbali na moshi, alikuwa amemfunga Waache Waseme kwa kamba ya kifuani. Bakuli lake peke yake. Ndoo ya javeli kando. Kila kitu kilikuwa kama nilivyofundisha, na mbwa amekufa.

"Alianza kukohoa jioni, akila," Spesi akaniambia. "Sikukupigia simu hata. Nilikuwa najua ya kufanya. Nilifanya yote vile ulisema, Mama Veto. Sikuacha hata moja."

Nilimfungua mbwa yule mdomo. Udenda ulikuwa umeganda mpaka shingoni, na miguu ya mbele ilikuwa na michubuko, alikuwa amejikuna usoni mpaka damu. Nikaingiza vidole. Ulikuwa ndani kidogo tu, umekwama mshazari, mwiba mkubwa wa taya la mukeke. Niliuficha mkononi Spesi asiuone, lakini aliuona. Nyumba ya Mjomba iko nyumba chache tu kutoka pale.

Nilikwenda kumwambia, kwa sababu angesikia tu. Alikuwa ameketi na wavu magotini. Aliuchukua ule mwiba, akaugeuzageuza kwenye mwanga, akapima kwa kidole mahali ulipojipinda.

"Huyu alikuwa mugonjwa wangu," akasema.

Ndiyo maana nawaambia: mbwa akikohoa, usianze na jibu. Anayekohoa kwa maambukizi kwa kawaida anameza maji na bado anatamani chakula, na ukimpapasa koo taratibu anakohoa, na ukimuuliza mwenye mbwa atakuambia ilianza pole pole au kuna wenzake wanakohoa. Akiwa na homa, kamasi nzito na tongotongo, ogopa Kare, ule ugonjwa wa virusi unaoua mbwa, ulizia chanjo, mtenge haraka. Mwenye mwiba anaanza ghafla, anadondosha udenda, anakuna mdomo, maji yanamrudi. Fungua mdomo, utazame kwa tochi. Osha mikono kabla, na uoshe baada, kisha ndipo useme ni nini.

Asubuhi ya pili nilimpelekea Mjomba ndoo yenye mfuniko, javeli, vipande vipya vya mti na kamba za kutosha kila mbwa apate yake. Nilizunguka vichanjani nikawaambia wote, Spesi wa kwanza: mbwa akianza kukohoa ghafla akiwa anakula, pitieni kwanza kwa Mjomba Yusufu. Waliniitikia kwa heshima. Nilibadilisha maji ya ndoo ile kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, mpaka alipofariki. Nilikuwa nikimkuta ameshaamka. Alikuwa akiosha mikono yake, akaketi kwenye kigoda, akaiweka juu ya magoti ikauke, na kutazama njia inayotoka ufukweni. Hakuja mtu.